Sukari inasoma 6, niache dawa? Mkuu, meza kwanza

Mkuu, weka hicho kidonge mdomoni halafu ndiyo uendelee kusoma. Eti "kimashine kinasoma 6 wiki ya tatu sasa, metformini inanivuruga tumbo, si niache tu?" Maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka juzi, tena kwa kujiamini kukuzidi. Leo miguu yangu miwili ina vidole tisa.

Hiyo 6 si yako, ni ya dawa. Ukiacha dawa, inaondoka na 6 yake.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Kliniki yetu ilikuwa Jumanne: unafika alfajiri, unatoka saa tisa alasiri, na bosi anakata siku nzima. Siku nilipoona 5.9 nikasema nimepona, foleni ya nini tena? Ndipo nikaangukia kwa yule jamaa wa spika pale stendi, na kidumu chake cha lita 5 "kinachoosha kongosho". Elfu sitini! Akaniapia kabisa kwamba vidonge vya hospitali ndivyo vinavyoua figo. Tangu nilazwe hapatikani kwenye simu, mshenzi yule.

Mwezi wa pili bila vidonge kiu ikanishika, nikawa naikata kwa soda (chekeni tu). Usiku kukojoa mara tano. Suruali ikaanza kunivuka, wenzangu wakanisifu nimepungua, nami nikajidai ni mazoezi. Kumbe cheche ilishaingia kiatuni ikaunguza kidole kidogo, na mimi sikusikia kitu, maana miaka sita ya sukari ilishaua hisia miguuni. Nilikuja kushtuliwa na harufu. Hospitali wakanipima, kimashine kikaandika "HI". Nikadhani kinanisalimia. Nesi wala hakucheka: sukari ilikuwa imepita kiwango ambacho kimashine kinaweza kusoma. Siku 19 wodini, kidole kikabaki huko. Hakuna aliyenilaza, nilijilaza mwenyewe.

Tumbo: meza pamoja na chakula, si kabla. Likizidi kugoma, mwambie daktari akubadilishie ile inayoyeyuka taratibu. Mwombe na kipimo cha HbA1c, hicho kinaonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3, siyo asubuhi moja uliyoamka na njaa. Dawa hupunguzwa, ndiyo, ila na aliyekuandikia. Si wewe, na si mtu wa spika!

Nijibu: umeshameza?