Maswali na Majibu: Kumtafuta Mzazi Katika Nyaraka

SWALI: Baba yetu alifariki mwaka jana. Alizaliwa upande wa Songea miaka ya 1930, akabatizwa Peramiho, kisha akaja Tanga kama manamba kwenye mkonge na hakurudi tena kwao. Ndugu zake hatuwajui. Tuna kadi yake ya kanisa na cheti cha kifo, basi. Tuanzie wapi? *Msomaji, Korogwe*

JIBU: Poleni sana kwa msiba. Anzeni na kadi ya kanisa, cheti cha kifo kiwekeni pembeni kwanza. Cheti cha kifo hujazwa kwa maneno ya aliyekwenda kuripoti, na mara nyingi umri wa mzee na mahali alipozaliwa huwa makisio ya mtoto au jirani. Kadi ya Kikatoliki inataja parokia, tarehe na, ikiwa imejazwa vizuri, namba inayotanguliwa na herufi L.B., yaani namba yake katika kitabu cha wabatizwa.

Namba hiyo ina uzito kwa sababu nyaraka karibu zote hupangwa kufuata ofisi iliyoziandika na mwaka, si majina ya watu. Anayefika na kuuliza "mna habari za baba yangu?" hurudi mikono mitupu. Anayesema "naomba kitabu cha ubatizo cha parokia hii, mwaka huu, namba hii" huhudumiwa kabla chai haijapoa.

Peramiho ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, na vigango vyake vingi vilikuja kuwa parokia baadaye. Vitabu vya zamani hubaki kwa parokia iliyobatiza. Kwa hiyo kijiji cha baba kinaweza kuwa na parokia yake leo, lakini jina lake likawa kwenye kitabu cha parokia mama. Watu wengi hukwama hapa, wakaambiwa "hayumo", wakakata tamaa.

Mkifika, msiombe cheti kipya. Katibu wa parokia atanakili jina, tarehe na wazazi tu. Ombeni kwa heshima kuusoma mstari wote kitabuni, pamoja na maneno ya pembezoni. Kanisa Katoliki huagiza kipaimara na ndoa viandikwe kando ya jina la mtu katika kitabu alikobatizwa, hata kama ndoa ilifungwa mbali. Ikiwa baba alifunga ndoa kanisani Tanga, taarifa ilipaswa kurudishwa Peramiho. Na ikiwa aliwahi kufunga ndoa Songea kabla ya kuondoka, hiyo pia itakuwepo, na jina la mke. Jadilianeni nyumbani kabla ya safari, mama akiwepo kama yu hai, kwa kuwa mnaweza kukuta mna kaka na dada msiowajua.

Vitabu vya miaka ile viliandikwa Kilatini. Maneno machache yanatosha: *natus* au *nata* ni tarehe ya kuzaliwa, *circa* ni takriban, *patrinus* na *matrina* ni wasimamizi wa ubatizo, *in periculo mortis* ni ubatizo wa hatari ya kifo. Jina la msimamizi liandikeni kwa makini. Mara nyingi alikuwa ndugu au katekista wa kijiji, na wajukuu zake huenda bado wapo palepale.

Majina yatawasumbua. Aloyce wa Tanga anaweza kuwa Aloisius kitabuni, na Ksaveri akawa Xaverius. Tena majina ya ukoo kama Komba au Haule yanabebwa na watu wengi mno Ungonini wasiohusiana kwa karibu. Msimkumbatie mtu kwa sababu ya jina la ukoo peke yake. Jina la baba yake, kijiji na mwaka vikikubaliana vyote vitatu, hapo mna haki ya kufurahi.

Kuhusu mkonge: vitabu vya wafanyakazi vya mashamba binafsi vingi vimepotea. Kama baba aliendelea kufanya kazi baada ya 1964, tafuteni kadi ya NPF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi ulioanza mwaka huo na baadaye ukawa NSSF. Namba ya uanachama huweza kufungua taarifa za mwajiri. Angalieni ndani ya Biblia yake, chini ya godoro, na kwenye mkebe wa vitambulisho. Wazee wa kazi hawakutupa karatasi yenye muhuri.

SWALI: Shangazi yangu ndiye pekee aliyebaki katika kizazi cha baba. Ana kumbukumbu nzuri ila miaka anaichanganya, na kila mtu kwake ni "kaka yetu". Nimuulizeje? *Msomaji, Masasi*

JIBU: Usimuulize mwaka. Muulize baba yako alikuwa mkubwa kiasi gani wakati jambo fulani linatokea, kisha upate mipaka miwili: tukio ambalo shangazi anakumbuka baba yako akiwa tayari yupo, na tukio lililotokea kabla baba yako hajazaliwa. Kwa upande wenu wa Kusini yapo mengi ya kushikia: Maji Maji (1905 hadi 1907) kwa simulizi za mababu, vita ya Mjerumani (1914 hadi 1918), mradi wa karanga Nachingwea (1947 hadi 1951), Uhuru (9 Desemba 1961), kuhamia vijijini (1973 hadi 1976), vita ya Kagera (1978 na 1979). Akisema "treni ya karanga ilipoanza kupita, baba yako alikuwa anachunga mbuzi", umepata mtoto wa miaka kama saba hadi kumi na mbili, karibu na 1950. Uliza pia aliingia jando na nani. Wenzake wa jando moja wanakaribiana umri, na mmoja wao huenda ana cheti cha ubatizo au cha shule chenye mwaka.

Hilo la "kaka yetu" ndilo linaloharibu miti mingi ya ukoo. Mtoto wa baba mdogo ni kaka, mtoto wa mama mkubwa ni kaka, na shangazi hakosei hata kidogo kuwaita hivyo. Kwa kila jina uliza maswali mawili: baba mmoja? Mama mmoja? Ukiambiwa "tumbo moja" andika hivyo hivyo, maana watoto wa tumbo moja wanaweza kuwa na baba tofauti. Halafu mwombe awapange kwa kuzaliwa, wa kwanza hadi kitinda mimba, pamoja na waliofariki wachanga. Mara nyingi hawa hawatajwi mpaka waulizwe, na bila wao utashangaa pengo la miaka sita kati ya watoto wawili.

Mrekodi kwa simu kwa ridhaa yake, na kaa naye muda mfupi mara kadhaa kuliko kumchosha siku moja. Akilikwepa jina la mtu, liache. Rudi siku nyingine, pengine kupitia binti yake.

SWALI: Mzee wetu alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, K.A.R.) vita ya pili, akapigana Burma. Tuna medali mbili na karatasi iliyochakaa. Je, medali zitatuonyesha kikosi chake? *Msomaji, Tabora*

JIBU: Kwa bahati mbaya hapana. Medali za Uingereza za vita ya kwanza kwa kawaida huchongwa ukingoni au nyuma namba, cheo, jina na kikosi, lakini nyota za vita ya pili zilitolewa bila jina. Nyota ya Burma itawathibitishia eneo alikopigana tu.

Karatasi ndiyo muhimu. Ikiwa ni cheti cha kuachishwa jeshi, tafuteni namba ya askari na jina la batalioni. Mkiona tarakimu ikifuatiwa na (TT), kwa mfano 36 (TT) K.A.R., hiyo ni batalioni ya Tanganyika. Ya 36 ilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyopita bonde la Kabaw mwaka 1944. Karatasi isiyosomeka isilowekwe wala kusuguliwa. Ipigeni picha mchana dirishani, mwanga ukitokea ubavuni, kisha mwongeze utofauti wa rangi kwenye simu.

Shajara za vita za batalioni zimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, na zile za Burma ziko katika mfululizo WO 172. Zitawaonyesha kikosi kilikuwa wapi siku kwa siku, ila askari wa kawaida hutajwa kwa nadra. Aliyefia vitani hutafutwa bila malipo kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kwa wapagazi wa vita ya kwanza orodha hiyo ina pengo kubwa: tume yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba wengi wao, Waafrika wa Mashariki wakiwemo, hawakuandikwa popote kwa majina. Kutomwona babu humo si ushahidi kwamba hakwenda.

SWALI: Sisi ni Waislamu wa Unguja, hatuna vitabu vya ubatizo. Tufanyeje? *Msomaji, Muscat*

JIBU: Fuateni ndoa, talaka, mirathi, nyumba na mashamba. Karatasi za kadhi na hati za waqfu hutaja mtu na nasaba yake, fulani bin fulani bin fulani, hivyo hati moja inaweza kuwapa vizazi vitatu. Nyaraka za Taifa za Zanzibar ziko Kilimani, mjini Unguja. Pelekeni jina la mtaa au shamba, sio jina la mtu peke yake.

Tarehe za Hijria zibadilisheni kwa mwezi, si kwa mwaka tu. Mwaka 1340 ulianza Septemba 1921 ukaisha Agosti 1922, kwa hiyo ndoa ya Rajabu mwaka huo ni ya 1922, si 1921.

SWALI: Tunataka kuzitia plastiki picha na vyeti vya mama visiharibike. Ni sawa? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Msifanye hivyo. Joto la mashine hugandisha plastiki kwenye karatasi na haitoki tena. Pigeni picha pande zote mbili, kwa sababu nyuma huwa na mihuri na majina, kisha kila moja iwekwe kwenye bahasha yake ya karatasi, mbali na unyevu. Majina ya waliomo pichani yaandikwe kwa penseli laini nyuma, karibu na ukingo, tangu kushoto kwenda kulia kama wanavyoonekana kwa mbele. Wino wa kalamu hupenya baada ya muda na kujitokeza usoni mwa picha.