Ile picha ya bahari isiyo na maji, ni kamera au mkono?

SWALI: Shikamooni wahariri. Kwa mjomba kuna picha ukutani, bahari zote za dunia kama zimekaushwa, unaona milima mirefuu chini. Ni kamera ya setilaiti au kuna mtu kachora? Na kama kachora, alijuaje kilichopo huko chini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanetu. Kwa maelezo yako hiyo itakuwa ile ya 1977, na imechorwa kwa brashi kabisa, na mchoraji ni Heinrich Berann wa Austria, alizoea kuchora milima ya Alps. Ila vipimo ni vya Marie Tharp na Bruce Heezen wa Marekani. Meli inatuma sauti chini, inasikiliza mwangwi, na sauti kwenye maji ya chumvi inaenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 4, yaani 2 za kushuka na 2 za kupanda, hapo kina ni kama mita 3,000.

Sasa huyu mama Tharp ndo ananigusa sana, maana enzi hizo wanawake walikuwa wanakatazwa kupanda meli za utafiti, yeye akabaki ofisini na makaratasi ya namba, akaliona bonde katikati ya milima ya Atlantiki, Heezen akalipuuza eti maneno ya kike, mpaka walipoweka alama za matetemeko ya ardhi zikaangukia humohumo bondeni! Bonde lenyewe linafanana na Bonde letu la Ufa.

Rangi lakini ni za mchoraji, kule chini ni giza tupu, na milima kairefusha makusudi ili ionekane.