Cheti peke yake hakitoshi, dai majaribio

Ndugu, umeuliza utajuaje kama mfumo wa moto wa jengo unalosimamia umekidhi viwango, maana mkandarasi amekupa cheti na kukwambia kila kitu kiko sawa. Usisaini kwanza. Akuonyeshe kiwango alichofuata, kwa mfano vile vya NFPA, shirika la Marekani la kujikinga na moto: NFPA 72 kwa kengele na vitambua moshi au NFPA 13 kwa vinyunyizio vya maji, pamoja na ripoti ya majaribio ya kila chumba.

Halafu simama naye akipima. Kubonyeza kitufe hakuthibitishi kwamba moshi unaingia ndani ya kitambuzi. Atumie moshi wa majaribio. Mwambie akate umeme pia. Kwa NFPA 72, betri za paneli, yaani kisanduku kinachoendesha kengele, zinapaswa kuhimili saa 24, kisha bado zipige kengele kwa dakika 5.

Kwenye vinyunyizio, inua macho. Kile kichupa chenye kimiminika chekundu hupasuka kwenye nyuzi joto 68, na kikipakwa rangi na mafundi wa dari kinachelewa au hakipasuki kabisa. Kichwa cha namna hiyo hubadilishwa, hakisuguliwi. Bidhaa zisipangwe juu sana. Acha nafasi ya sentimita 46 kati yake na kinyunyizio. Na valvu kuu, tafadhali, ikaguliwe mara kwa mara: mifumo mingi hushindwa kwa sababu mtu alifunga maji akasahau.

Mitungi ya kuzimia moto iangalie kila mwezi, geji na pini. Mwisho, omba zimamoto wa eneo lako au mkaguzi asiyehusiana na mkandarasi apite kabla hujamlipa malipo ya mwisho.