Maswali ya Wasomaji: Je, Dripu ni Chakula?

Mwezi huu tumepokea barua tatu kutoka Nyanda za Juu Kusini ambazo, ingawa waandishi wake hawafahamiani, zinagusa jambo moja: mtu asiyeweza kula hulishwaje kupitia mshipa, na mafuta yana nafasi gani katika lishe hiyo. Nimezijibu pamoja ili kila jibu lisaidie linalofuata.

SWALI: Ndugu mshauri, pokea salamu kutoka Mafinga. Shemeji yangu amelazwa baada ya kupasuliwa tumbo, na kila siku anatundikiwa dripu. Ndugu wengi wanasema tusihangaike na uji kwa sababu dripu ndiyo chakula chake. Mimi namwona anazidi kukonda. Je, ni kweli kwamba dripu inamtosha?
*Mama D., Mafinga*

JIBU: Mama D., pole kwa kuuguza. Dripu ya kawaida haitoshi kuwa chakula, na hesabu yake si ngumu. Dripu ya chumvi ina gramu 9 za chumvi katika kila lita na haina nguvu yoyote ya chakula. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi vilivyopotea. Dripu ya sukari, ile ambayo chupa yake imeandikwa Dextrose 5%, ina gramu 50 za sukari katika lita moja, kwa hiyo chupa ya mililita 500 ina gramu 25 tu, yaani vijiko vitano au sita vya chai, ambazo haziupi mwili zaidi ya kilokalori 100. Mtu mzima mwenye kilo 60 aliyelala kitandani anahitaji takribani kilokalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku. Kuzipata kwa dripu hiyo kungehitaji chupa zisizopungua kumi na tano kila siku, maji ambayo moyo, figo na mapafu ya mgonjwa visingeyahimili. Protini na mafuta hayamo kabisa.

Kukonda unakokuona kuna maelezo yake. Mwili usiopata chakula huanza kutumia akiba ya wanga iliyomo kwenye ini, ambayo huisha kwa muda wa kama siku moja, kisha hugeukia mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na tumboni. Homoni ya insulini hushuka, mafuta hayo huvunjwa kuwa asidi za mafuta, na asidi hizo husafirishwa katika damu zikiwa zimeshikwa na protini iitwayo albumini hadi kwenye moyo, misuli na ini. Tatizo ni kwamba katika siku za mwanzo ubongo hutegemea sukari, na mwili wa binadamu hauwezi kutengeneza sukari kutokana na asidi za mafuta. Kwa hiyo huvunja protini za misuli ili kuipata. Mtu mzima wa afya anayefunga kwa siku nyingi hufika mahali ini lake likatengeneza ketoni, yaani kemikali zinazoweza kuchukua nafasi ya sukari, kutokana na mafuta, ubongo ukazitumia, na misuli ikapata nafuu. Mgonjwa aliyepasuliwa au mwenye maambukizi makali hapati nafuu hiyo kikamilifu, kwa kuwa homoni za msongo huendelea kuvunja misuli hata pale ambapo mafuta yapo tele. Sukari ya dripu hupunguza upotevu huo kwa kiasi, lakini haiuzuii.

Haya hayana maana kwamba waliomtundikia dripu wamekosea. Kwa siku chache baada ya upasuaji ni jambo sahihi, na huenda daktari ana sababu ya kumzuia asile. Ninachokushauri ni kuuliza waziwazi: je, utumbo umeanza kufanya kazi, na ataruhusiwa lini kunywa na kula? Akiruhusiwa, uji wako una thamani kubwa kuliko chupa iliyotundikwa juu yake. Ikiwa hawezi kumeza lakini utumbo unafanya kazi, hulishwa kwa mpira unaopitishwa puani hadi tumboni. Lishe kamili ya kupitia mshipa ni ya yule ambaye utumbo wake hautumiki au hautoshi. Naomba sana usimpe chakula kwa siri. Zaidi ya hatari ya kidonda cha utumbo kuachia, mtu aliyekaa muda mrefu bila kula akipewa chakula kingi kwa ghafla, insulini hupanda na kusukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na moyo unaweza kushindwa kufanya kazi. Huanzishwa kidogo kidogo, damu ikipimwa.

SWALI: Mshauri, mjukuu wangu anayesomea uuguzi amenieleza kwamba ipo dripu nyeupe kama maziwa ambayo ni mafuta, na inaingizwa moja kwa moja kwenye mshipa. Nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka mingi na siku zote nimeamini kwamba mafuta yakiingia kwenye damu huziba mishipa na kuua. Je, mjukuu wangu ameelewa vibaya?
*Mwalimu mstaafu, Tukuyu*

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Mjukuu wako ameelewa vizuri, na hofu yako nayo ina msingi. Katika karne ya 17 Mwingereza William Courten alimdunga mbwa mafuta ya zeituni mshipani, naye mbwa akafa, kwa sababu mafuta ghafi hukusanyika kuwa matone makubwa yanayokwama katika mishipa midogo ya mapafu. Swali lililowashughulisha watafiti baada yake ni hili: mbona mafuta tunayokula yanaingia kwenye damu kila siku na hayatuui?

Fikiria parachichi unalokula huko Rungwe. Mafuta yake hugawanywa na nyongo kuwa matone madogo kwenye utumbo mwembamba, huvunjwa na kimeng'enya cha kongosho kiitwacho lipasi, kisha yakifika ndani ya ukuta wa utumbo huunganishwa upya na kufungashwa katika chembe ndogo mno ziitwazo kilomikroni, ambazo kila moja imevikwa utando wa protini na fosfolipidi, mafuta ya aina inayochangamana na maji. Chembe hizo ni kubwa mno kupenya mishipa midogo ya damu ya utumboni, hivyo hupitia mishipa ya limfu, hupanda kifuani, na kumwagika katika mshipa mkubwa wa damu ulio chini ya shingo upande wa kushoto. Kwa maneno mengine, mafuta ya chakula huingia mshipani hata kwa mtu mzima wa afya. Ukichukuliwa damu saa chache baada ya mlo wenye mafuta mengi, sehemu yake ya majimaji huonekana nyeupe kwa ukungu. Kinachookoa maisha ni udogo wa chembe na utando unaozifunika.

Kuiga kazi hiyo ya utumbo kulichukua miongo mingi. Marekani ilitumia dripu iliyotokana na mafuta ya mbegu za pamba, lakini iliondolewa katika miaka ya 1960 baada ya wagonjwa kupata homa, manjano na matatizo ya damu kuganda. Aliyefaulu alikuwa Arvid Wretlind wa Sweden, ambaye mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo alitoa dripu ya mafuta iitwayo Intralipid. Alijaribu kwa wanyama mafuta mengi na vitu vingi vya kuzuia matone yake yasiungane kabla ya kuchagua mafuta ya soya na fosfolipidi za kiini cha yai. Lita moja ya aina ya asilimia 20 ina gramu 200 za mafuta ya soya, gramu 12 za fosfolipidi na gramu 22 hivi za gliseroli. Matone yake yana upana wa kama mikromita 0.3, ilhali chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 au 8. Yakiingia kwenye damu, matone hayo huazima protini kutoka kwa chembe nyingine za mafuta zilizomo humo, na kimeng'enya kilichojipanga kwenye kuta za mishipa midogo huyavunja karibu kama kinavyovunja kilomikroni. Asidi za mafuta huingia kwenye misuli, na ndani ya seli hukatwa kaboni mbili mbili ili kutoa nguvu, jambo ambalo Mjerumani Franz Knoop alilionyesha mwaka 1904.

Faida yake ni kubwa, Mwalimu. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9 na ya sukari 4, kwa hiyo mililita 500 za dripu hii hutoa takribani kilokalori 1,000, mara kumi ya ile dripu ya sukari ya shemeji wa Mama D. Tena haiunguzi mishipa midogo ya mkono kama sukari nzito inavyofanya. Sukari nzito hulazimu mrija kufikishwa kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Mgonjwa akipewa nguvu zote kwa sukari peke yake, inayozidi uwezo wa mwili kuiunguza hugeuzwa na ini kuwa mafuta, na ini lenyewe hujaa mafuta.

Ipo sababu nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko zote. Mwaka 1929 George na Mildred Burr wa Minnesota walionyesha kwamba panya wasiopewa mafuta kabisa hudumaa na ngozi zao hukauka na kuwa na magamba, kwa sababu zipo asidi za mafuta, hasa ya linoleiki, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Miaka mingi baadaye wagonjwa waliolishwa mshipani kwa sukari na protini bila mafuta walitokewa na dalili zilezile, wakathibitisha kwa miili yao kwamba mafuta ni kirutubisho cha lazima.

Hata hivyo dripu hii si ya kutundikwa ovyo. Hutiririshwa polepole kwa saa nyingi, na kiwango cha trigliseridi, yaani mafuta ya kawaida, katika damu hupimwa, kwa kuwa kimeng'enya nilichokitaja kina kikomo cha kazi yake. Mtu mwenye mzio wa mayai au soya lazima aseme mapema. Kwa watoto wanaolishwa hivyo kwa miezi mingi, ini huweza kudhurika, na mojawapo ya vinavyoshukiwa ni steroli za mimea zilizomo kwenye mafuta ya soya. Madaktari wa Hospitali ya Watoto ya Boston walijaribu mafuta ya samaki kwa watoto wa aina hiyo, na wengi manjano yao yalipungua. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dripu ya mafuta ya samaki kwa ajili yao.

SWALI: Sisi Njombe tuna wakulima wa alizeti wanaokamua wenyewe. Mke wangu amejifungua mtoto njiti. Je, mafuta yetu safi hayawezi kumsaidia mtoto kama hizo dripu za mafuta?
*Baba wa mtoto njiti, Njombe*

JIBU: Hongera kwa mtoto, ndugu yangu, na nakusihi mafuta yenu yasiingizwe mwilini mwake kwa sindano kwa namna yoyote ile. Mafuta yaliyokamuliwa, hata yawe safi kiasi gani machoni, hayana uhakika wa kutokuwa na vijidudu, wala matone yake hayajapimwa. Viwango vya dawa vya Marekani havikubali matone yanayozidi mikromita 5 yafikie hata sehemu moja katika elfu mbili za mafuta yote. Ni kweli alizeti ina asidi nyingi ya linoleiki, na mwaka 1974 jarida la Lancet lilichapisha taarifa ya wagonjwa waliopakwa mafuta ya alizeti kwenye ngozi hadi kiwango cha asidi hiyo katika damu yao kikapanda, ingawa majaribio ya baadaye hayakutoa majibu yanayofanana. Usimpake bila kuwauliza wauguzi, kwani ngozi ya njiti ni nyembamba mno.

Mafuta yanayomfaa zaidi mtoto wako yako kwa mama yake. Karibu nusu ya nguvu iliyomo katika maziwa ya mama hutokana na mafuta, na maziwa hayo yana lipasi yake yenyewe inayomsaidia mtoto ambaye kongosho lake halijakomaa. Kama hawezi kunyonya, mama ayakamue mara nyingi usiku na mchana, mtoto apewe kwa mpira au kikombe kama wauguzi watakavyoelekeza. Alizeti yenu mpikieni mama.