Jibu: Mringaringa wa Marangu na wa Moshi mjini, mbona wadudu tofauti?

Habari, ndugu. Umeuliza kwa nini mti wa mringaringa wa Marangu, juu kwenye mteremko wa Kilimanjaro, umejaa viwavi, na wa Moshi mjini, huku chini, una vidukari (wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani) na vumbi tu.

Kwanza kabisa angalia umri wa majani. Jani changa ni laini na lina naitrojeni nyingi, kirutubisho ambacho viwavi hukihitaji; likikomaa linakuwa gumu kama ngozi. Kule juu Marangu mvua ni nyingi, kwa hiyo miti miwili inaweza isichipue wakati mmoja. Linganisha jani changa kwa changa, la sivyo unapima umri, hupimi mahali.

Halafu ndiyo uje kwenye mwinuko. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kila ukipanda mita 1,000, na kiwavi hukua polepole kwenye baridi.

Mimi hutandika shuka jeupe chini ya tawi, nalipiga kwa fimbo mara chache, nahesabu kinachodondoka. Fanya hivyo asubuhi, panzi wakiwa bado wazito. Tazama na sisimizi: wakipanda shina kwa msururu, mara nyingi wanalinda vidukari kwa ajili ya utomvu wao mtamu, na viwavi hufukuzwa.

Jina la kiwavi chako siwezi kulitaja bila picha. Iweke hapa, na jani lililoliwa lionekane.