Sanamu ya bibi wa jukwaani: anza na vidole

Mgeni wa kazi hii ya kukagua na kuorodhesha vitu vya kale akikabidhiwa sanamu ya kale ya porseleni, huibinua haraka kutafuta chapa ya kiwanda chini yake. Sote tulianza hivyo. Chapa iache mwisho: panga mbili za buluu zilizopishana, chapa ya Meissen, kiwanda cha porseleni cha Ujerumani, zilishaigwa na viwanda vingine tangu karne ya 18, na baadaye kiwanda cha Samson cha Paris kikafanya nakala kuwa biashara.

Tazama mikono kwanza. Johann Joachim Kändler, fundi mkuu wa sanamu pale Meissen tangu 1733, aliwafinyanga wachekeshaji wa jukwaa la Kiitalia wakiwa katikati ya mwendo, viganja vimenyooshwa hewani. Ndiyo maana vidole ndivyo vya kwanza kuvunjika. Kidole kilichobandikwa na kupakwa rangi hakina ule ubaridi wa porseleni, na chini ya taa ya miale ya urujuanimno rangi mpya hujitenga na ya zamani.

Sasa lesi. Hapa nenda polepole. Kwenye sanamu za warsha za Dresden, mji wa Ujerumani, za karne ya 19, lesi ya uzi kabisa ilichovywa kwenye uji wa porseleni, ikavishwa sanamu, ikaingia tanuri. Uzi ukaungua, udongo ukabaki na matundu yake yote. Unachokiona ni ganda tupu. Usilifute kwa kitambaa. Mimi nilifuta, mwezi wa pili kazini. Uzi wa kitambaa ukanasa kwenye pindo, nikasikia mlio kama chumvi inayokanyagwa. Bosi hakufoka. Alinipa kibano na bahasha, nikaokota chembe hadi jioni. Tumia brashi laini, kavu. Pete na bangili vua. Glavu za pamba huteleza, afadhali mikono iliyonawa ikakauka. Mkono mmoja uwe chini ya kitako cha sanamu.

Jambo jingine: si kila bibi mwenye gauni la maonyesho ni mwigizaji anayejulikana. Sanamu ya Kitty Clive, mwigizaji wa Kiingereza, iliyotengenezwa na kiwanda cha Bow, London, karibu na 1750, ina ushahidi: upo mchoro uliochapwa wa wakati huohuo, naye yumo vilevile, gauni pana, mbwa mdogo kwapani. Huna mchoro wa namna hiyo? Andika kwenye kumbukumbu “bibi katika mavazi ya maonyesho”, kimo kwa sentimita, kisha vidole vilivyokosekana, kimoja kimoja.