Uso kupooza upande mmoja: kwa nini jicho, ladha na sikio navyo vinaguswa

Mkuu, umeuliza inakuwaje uso umelegea upande mmoja, jicho limekauka, ladha imepungua na kelele ndogo tu inakukera sikio, lakini ukiguswa shavu unahisi vizuri. Yote hayo yalinipata upande wa kushoto, na yote yanatoka kwenye neva (mshipa wa fahamu) moja: ya 7 kati ya jozi 12 zinazotoka kwenye ubongo.

Neva hiyo ina shughuli nyingi. Nyuzi zake nyingi huendesha misuli ya kukunja paji, kufumba jicho, kutabasamu na kupuliza. Nyingine huamuru tezi ya machozi, iliyo juu ya jicho kwa upande wa nje, pamoja na tezi za mate za chini ya taya na chini ya ulimi. Nyingine huleta ladha kutoka theluthi mbili za mbele za ulimi. Kuna hata tawi linalokwenda kwenye kimsuli ndani ya sikio, ambacho hukaza kifupa cha huko ili kupunguza makali ya kelele. Kikilegea, kijiko kikigonga sahani unashtuka.

Sasa, neva yote hii hupita kwenye mfereji mwembamba wa mfupa karibu na sikio. Ikivimba humo haina pa kutanukia, inajibana yenyewe.

Kuhisi shavu na kutafuna ni kazi ya neva ya 5, ndiyo maana huko uko salama. Mimi nilitafuna kama kawaida, ila chakula kilibaki kati ya shavu na fizi, maana msuli wa kukirudisha ni wa neva ya 7. Jicho nalo lilifunguka bila shida ila halikufumba: kuinua kope ni kazi ya neva ya 3.

Kilichonishangaza zaidi ni tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio. Neva ya 7 inapita katikati yake na kujigawa matawi makuu 5 humo humo, lakini haiiamuru hata kidogo. Bosi wake ni neva ya 9. Kwa hiyo mate hayaishi yote.

Kwa wengine mliomwambia mkuu hapa kuwa ni kiharusi: angalieni paji. Sehemu ya juu ya uso hupata amri kutoka pande zote mbili za ubongo, hivyo kwa kawaida mwenye kiharusi bado anakunja paji. Mimi lilikuwa laini kabisa upande ule. Ila hicho si kipimo cha kujipima nyumbani. Uso ukipinda ghafla, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mkono ukiwa dhaifu au maneno yakigoma, ni dharura. Hata kama si kiharusi bali ni neva hii iliyovimba, usichelewe: prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe, husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72.

Wengi hupona kwa wiki au miezi kadhaa. Nyuzi zilizokatika huota polepole, kama milimita 1 kwa siku, na nyingine hupotea njia: zile za mate zikafika kwenye tezi ya machozi. Mimi hadi leo nikila, jicho la kushoto linatoka machozi, na siko peke yangu.

Kwako kwa sasa linda hilo jicho. Matone ya kulainisha mchana, mafuta ya macho usiku, kope ifungwe kwa plasta laini kama ulivyoelekezwa na daktari. Likiwa jekundu na kuuma, au ukiona ukungu, usisubiri kliniki ijayo.